John Fenn, mzee aliyewezesha sumukuvu kuonekana kwenye mkojo wa mtoto

Mzazi wa Mafinga anayekoroga uji wa mahindi asubuhi ya baridi hawezi kuiona fumonisini. Haina rangi wala harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Ni moja ya sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na kuvu, na hii huanza mahindi yakiwa bado shambani. Mtoto akiila, sehemu ndogo sana hutoka kwenye mkojo. Kuikamata sehemu hiyo kunahitaji mashine ya kupima uzito wa molekuli, na wiki hii tunamzungumzia mtu aliyeipa mashine hiyo uwezo mkubwa ilio nao leo: John Fenn, Mmarekani, aliyefariki dunia mwaka 2010 akiwa na miaka 93.

Alizaliwa New York, Juni 15, 1917. Akiwa bado mtoto wa shule familia yake ilihamia Berea, mji mdogo katika jimbo la Kentucky. Hapo kulikuwa na chuo kisichotoza ada, ambacho wanafunzi wake hufanya kazi ili kujisomesha. Fenn alihitimu kemia mwaka 1937, na mwaka 1940 akapata udaktari Chuo Kikuu cha Yale. Hesabu hazikuwa upande wake, na mwenyewe alilikiri hilo hata uzeeni. (Mzazi mwenye kijana aliyepata alama mbaya za hesabu amsomee sehemu hii.) Baada ya hapo alifanya kazi viwandani kwa zaidi ya miaka kumi. Alirudi chuo kikuu mwaka 1952, safari hii Princeton, na mwaka 1967 akahamia Yale. Alikuwa na miaka 50, na kazi iliyompa jina ilikuwa bado mbele.

Tatizo alilolikuta lilikuwa la zamani. Mashine za kupima uzito wa molekuli zilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini zilipokea tu kitu kilichokwisha kuwa gesi na chenye chaji ya umeme. Molekuli ndogo huvumilia kufanywa mvuke. Protini haivumilii. Ukiichemsha inaharibika, kama yai lililokaangwa lisivyorudi kuwa bichi. Damu, mkojo na maziwa ya mama vimejaa molekuli za namna hiyo, kwa hiyo mashine ilikuwa haiwafikii wagonjwa inavyostahili.

Mkemia mwenzake, Malcolm Dole, alikuwa amejaribu njia nyingine miaka ya 1960 baada ya kuona magari yakipuliziwa rangi kwa msaada wa umeme. Hakufika mwisho. Fenn alilichukua wazo hilo akiwa na ujuzi wake wa muda mrefu wa jinsi gesi zinavyokwenda kasi. Njia hiyo huitwa elektrosprei. Kimiminika hupitishwa kwenye sindano nyembamba yenye umeme wa volti elfu kadhaa. Kikitoka kwenye ncha kinatawanyika kuwa matone madogo mno, kila tone likiwa na chaji. Gesi kavu inayakausha. Tone likipungua, chaji zilizomo hubanana na kusukumana mpaka linapasuka kuwa matone madogo zaidi, na hayo nayo hupasuka, hadi molekuli inabaki peke yake hewani, nzima, ikiwa na chaji zake. Hapo mashine inaweza kuipima. Fenn alipenda kusema ni kama kuwapa tembo mabawa.

Mwaka 1984 yeye na Masamichi Yamashita wa Japani walichapisha kazi yao ya mwanzo. Mwaka 1987 alitimiza miaka 70, na kwa taratibu za Yale za wakati ule alipaswa kustaafu. Hakuacha. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba hata protini kubwa zinapimika. Alipohamia Virginia alikuwa na miaka zaidi ya 75, na Tuzo ya Nobel ya kemia ilimkuta huko mwaka 2002, akiwa na miaka 85. Aliigawana na Koichi Tanaka na Kurt Wüthrich. Uzee wake haukuwa wa raha tupu. Aligombana na Yale kuhusu hakimiliki ya uvumbuzi huo, na mwaka 2005 mahakama ilimwona ana makosa na kumtaka alipe zaidi ya dola milioni moja.

Turudi kwetu. Watafiti waliwafuatilia watoto 166 katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro, wakianza nao wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 14. Mkojo wao ulipimwa kwa mashine ya aina hii. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: watoto waliokuwa na fumonisini nyingi walikuwa wafupi zaidi kwa umri wao. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo kuharisha mara kwa mara na uji usio na mchanganyiko. Lakini katika mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, sababu hii si ya kupuuza.

Kipimo hicho ni cha utafiti, si cha kuandikiwa mgonjwa kliniki. Kinachowezekana nyumbani ni kuchambua mahindi kabla ya kusaga: toa punje zilizooza, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye kuvu nyeupe au ya waridi. Usizipeleke kwa nguruwe, wala kwenye komoni, kwa sababu sumu hii huvuka hadi kwenye pombe. Kukoboa kunapunguza sumu, maana nyingi hukaa kwenye pumba, ingawa na vitamini huondoka nayo. Anika mahindi juu ya turubai, si ardhini. Uji wa mtoto usiwe wa mahindi peke yake kila siku. Ulezi na viazi vinapatikana.

Na mkipeleka mtoto kliniki, ombeni apimwe urefu pamoja na uzito.