Ibn al-Haytham, Mto Nile na Hesabu ya Mayai



Nilipokuwa darasa la sita, mjomba wangu alikuwa akinunua mayai Tororo na kuyauza Busia, upande wa Kenya. Jumamosi moja aliniachia kazi ya kuyahesabu. Nikachoka katikati, nikataja nambari ya kubuni. Mteja alilipa kwa hesabu hiyo na mjomba akapata hasara. Hakunipiga. Aliniuliza tu kwa nini sikusema sijui.

Swali hilo limenirudia mwaka huu niliposoma maisha ya al-Hasan ibn al-Haytham.

Alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 965. Wengi wetu tunamjua kwa Kitab al-Manazir, alimoeleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni. Wanahistoria wanasimulia kwamba aliwahi kudai angeweza kuyadhibiti maji ya Nile, mto huu huu unaotoka Ziwa Victoria pale Jinja, si mbali na kwetu. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita, akampa watu na mali. Ibn al-Haytham akapanda mto hadi maeneo ya Aswan. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyopimwa kwa ustadi mkubwa, akaelewa kwamba lau jambo lile lingewezekana, wao wangekwisha kulifanya. Akarudi Cairo, akakiri kwamba ameshindwa.

Kukiri mbele ya al-Hakim hakukuwa jambo dogo. Inasimuliwa kwamba, kwa kumhofu, alijifanya mwendawazimu akafungiwa nyumbani hadi khalifa huyo alipotoweka mwaka 1021. Baada ya hapo aliishi karibu na al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu, hadi alipofariki yapata mwaka 1040.

Katika risala yake moja kuna fumbo lililonikumbusha mayai ya mjomba. Tafuta nambari ambayo ukiigawanya kwa 2, 3, 4, 5 au 6 inabaki moja, lakini kwa 7 haibakizi kitu. Alitoa njia mbili. Ya kwanza: zidisha 1 hadi 6 upate 720, kisha ongeza moja. 721 ni 7 mara 103. Ya pili inatoa majibu yasiyo na mwisho, la dogo kabisa likiwa 301. Akaeleza kwamba njia ya kwanza inafaa kwa kila nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.

Niliijaribu kwa 13. Kuzidisha 1 hadi 12 kunatoa 479,001,600. Ukiongeza moja, nambari hiyo kubwa inabakiza moja kwa kila kigawanyo kuanzia 2 hadi 12, lakini ni 13 mara 36,846,277 kamili. Kwa 9, ambayo si tasa, njia inakataa: 40,321 inabakiza moja. Ulaya kanuni hii ilichapishwa mwaka 1770 kwa jina la Mwingereza John Wilson, na mwaka 1771 Lagrange akaithibitisha. Ibn al-Haytham alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka 700.

Likizo iliyopita nilimpelekea mjomba fumbo hilo sokoni Busia. Akalifikiri kwa trei za mayai 30: 301 ni trei kumi na yai moja, 721 ni trei 24 na yai moja. Alifurahi sana. Kisha akaniuliza kwa nini kanuni inakubali kwa nambari tasa pekee.

Ningeweza kubuni jibu, na asingejua. Nilimwambia sijui, nikamwahidi kuwauliza wenzangu wa hisabati. Akacheka, akanikabidhi trei za siku hiyo nizihesabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Haytham, na atujaalie elimu yenye manufaa na ujasiri wa kukiri mipaka yake.