Thomas Mofolo, Mtungaji wa "Chaka"

Jina la Chaka, mfalme wa Wazulu, tumelisikia sote katika somo la historia. Lakini nilipowauliza wenzangu ni Mwafrika gani aliyemtungia hadithi kubwa, hakuna aliyenijibu. Hata mimi nisingalijua, kama nisingalikikuta kitabu chenyewe katika maktaba yetu, kikuukuu, jalada limeanza kubanduka. Nilikichukua kwa ajili ya vita. Nilipokimaliza nikataka kumjua aliyekiandika, na habari zake nilizozikusanya ndizo hizi.

Thomas Mofolo alizaliwa mwaka 1876 huko Khojane, katika wilaya ya Mafeteng, nchi iliyoitwa wakati ule Basutoland, na ambayo tangu 1966 ni Lesotho. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Alipokuwa kijana alikwenda Morija, makao makuu ya wamisionari Waprotestanti kutoka Ufaransa, akawa mtumishi wa nyumbani kwa padre mmoja, Alfred Casalis. Padre huyu ndiye aliyesimamia chuo cha Biblia, kiwanda cha kupiga chapa na duka la vitabu. Alimwona kijana ana akili, na mwaka 1894 akamtia chuoni. Kutoka hapo Mofolo alisomea ualimu, akapata cheti chake mwaka 1898.

Alianza kazi kiwandani, lakini mwaka 1899 vikazuka vita vya Waingereza na Makaburu, na kazi ikasimama. Basi akajifunza useremala huko Leloaleng, akafundisha shule mbalimbali, na mwaka 1904 akarudi Morija kuwa karani na msahihishaji wa chapa. Kazi hii ya usahihishaji watu huidharau, lakini nadhani ndiyo iliyomfunza kutunga. Mtu anayesoma maneno ya wengine herufi kwa herufi, siku baada ya siku, hujua upesi ni yapi yaliyo hai na ni yapi yaliyokufa.

Hadithi yake ya kwanza, "Moeti oa Bochabela", yaani Msafiri wa Mashariki, ilitoka kidogo kidogo katika "Leselinyana", gazeti la Kisotho la wamisionari, mwaka 1906, na mwaka uliofuata ikawa kitabu. Ni habari za kijana Fekisi, aliyechukizwa na ulevi na ukatili wa watu wake, akaondoka peke yake kumtafuta Mungu upande linakochomoza jua. Wamisionari waliifurahia sana. Ya pili, "Pitseng", ilitoka mwaka 1910, nayo inaeleza uchumba na ndoa. Sioni kama inaifikia ile ya kwanza. Kuna mahubiri mengi mno.

Lakini tayari alikuwa na jambo lingine moyoni. Alisafiri mpaka Natal, akaulizia habari za Chaka kwa Wazulu wenyewe, kisha akakaa akaandika. Asiyejua asidhani kwamba aliyoyaandika yote ni historia. Chaka alikuwako, na ndugu zake walimwua mwaka 1828. Isanusi, yule mganga anayemtokea porini na kumwahidi ufalme, ametokana na fikira za Mofolo, na Noliwe mchumba wake vilevile.

Sehemu ya Noliwe ndiyo iliyonikosesha usingizi. Isanusi anamwambia Chaka kwamba ufalme alio nao unatosha, na kama anataka mkubwa zaidi ambao haujapata kuonekana, dawa yake ni damu ya mtu anayempenda kuliko wote. Wala hamharakishi. Anampa nafasi ya kufikiri. Chaka anajibu kwamba amekwisha kata shauri, kisha anakwenda kwa Noliwe, ambaye ana mimba yake, anaongea naye kwa upole, na kumwua kwa sindano. Mofolo hamlaani mfalme wala hamtetei. Anatuonyesha mtoto aliyepigwa na kufukuzwa kwa kuwa alizaliwa nje ya ndoa, halafu anatuonyesha amekuwa mtu gani.

Hilo ndilo lililowatia wamisionari wasiwasi. Baadhi yao walikisifu kitabu, wengine waliogopa kwamba hadithi yenye uganga mwingi namna hii itawarudisha wasomaji katika mambo ya kale. Kikawekwa. Mwaka 1910 Mofolo aliondoka Morija, na miaka 15 ikapita. Kiwanda kilichomlea ndicho kilichomfungia mlango.

Katika miaka hiyo Mofolo aliandikisha watu wa kwenda kufanya kazi katika migodi, akasimamia kinu cha kusaga nafaka, baadaye akawa na duka milimani. "Chaka" kilipopigwa chapa mwaka 1925 alikuwa karibu na umri wa miaka 50. Hakuna hadithi yake nyingine iliyotokea baada ya hapo.

Mwaka 1937 alinunua shamba katika Afrika ya Kusini, upande wa Griqualand Mashariki. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 ilimkataza Mwafrika kununua ardhi nje ya sehemu walizotengewa Waafrika, na kwa sheria hiyo akanyang'anywa. Fedha zake zilikwisha hapo. Kitabu chake kilikwisha tafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1931, na mwaka 1940 kikatolewa kwa Kifaransa huko Paris. Mwaka huo huo mtungaji alirudi kwao, maskini na mgonjwa. Alifariki Teyateyaneng tarehe 8 Septemba 1948.

Léopold Senghor wa Senegal alitunga shairi lake juu ya Chaka baada ya kukisoma kitabu hicho, na shairi hilo lilitoka mwaka 1956. Mwaka 1981 Daniel Kunene alikitafsiri upya kwa Kiingereza, naye akafuata Kisotho cha Mofolo kwa karibu zaidi. Nakala tuliyo nayo ni hiyo ya Kunene. Nimekwisha irudisha maktaba. Iko rafu ya tatu, karibu na dirisha.