Thomas Odhiambo, rafiki wa mkulima

Mkulima wa Kasulu au Kibondo anawajua funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Profesa Thomas Odhiambo alijifunza wadudu maisha yake yote, akiamini Waafrika wanaweza kupambana nao bila kutegemea sumu pekee. Alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere na Cambridge, na mwaka 1970 akaanzisha kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, jijini Nairobi. Alifariki mwaka 2003.

Baadaye watafiti wa ICIPE waligundua kwamba baadhi ya mahindi ya asili, nondo akiyatagia mayai, hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo wanaoangamiza mayai na funza. Mahindi chotara mengi waliyoyapima, yaliyozalishwa kwa ajili ya mavuno makubwa, hayakuweza. Basi, tusitupe mbegu za bibi.