Aliyehesabu wanyama wa Serengeti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke Michael Grzimek, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1934. Wengi wanajua kifo chake tu: tarehe 10 Januari, 1959, ndege yake yenye milia kama punda milia iligongana na tumbusi, naye akazikwa Ngorongoro akiwa na miaka 24.

Mimi mwalimu wa hesabu naitazama zaidi kazi yake. Mwaka 1958 yeye na baba yake, Bernhard, waliigawa Serengeti maeneo, wakaruka chini chini wakihesabu wanyama 366,980. Tena waliona makundi yakitoka nje ya mipaka mipya iliyopangwa na serikali ya kikoloni! Wataalamu wa baadaye walihesabu sehemu tu, wakakadiria waliobaki.

Watunga vitabu vya hesabu, mpeni japo zoezi moja.

Mwalimu wa Kijijini,
Bunda.