Goddard, jamaa wa roketi aliyechekwa na gazeti

Leo tajiri akirusha roketi ikilipuka, mitandaoni ni kicheko. Robert Goddard yalimkuta kitambo. Alikuwa mwalimu wa fizikia huko Massachusetts, Marekani. Mwaka 1920, gazeti la New York Times lilimkejeli eti hajui hata fizikia ya shule ya upili, kisa alisema roketi inaweza kufika mwezini. Jamaa akanyamaza, akarudi kazini.

Machi 16, 1926, kwenye shamba huko Auburn, alirusha roketi ya kwanza ya petroli na oksijeni ya maji. Ilipaa mita 12 hivi kwa sekunde 2.5, ikaanguka kwenye kabichi. Mazee, hata tiara ya mtoto hupaa kuliko hiyo!

Nyingine ya 1929 ilinguruma hadi majirani wakadhani ndege imeanguka. Polisi wakaja, ambulensi zikaja, akakatazwa kurusha tena pale. Pesa za familia ya Guggenheim ndizo zilimhamisha hadi Roswell, New Mexico.

Alifariki 1945. Mwaka 1960 serikali ikalipa dola milioni moja kwa sababu ya kutumia uvumbuzi wake. Na gazeti lile? Lilikiri kosa Julai 17, 1969, Apollo 11 ikiwa tayari njiani kuelekea mwezini.