Kenyatta kabla ya Ikulu: seremala wa Thika aliyewaandika wahunzi

Hapa Pwani ukitaja jina la Jomo Kenyatta, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye ardhi, nami sina nia ya kuyazima. Wenye malalamiko wapo. Leo lakini naomba msomaji univumilie nimzungumzie Kenyatta mwingine, kijana aliyekula kwa kazi ya mikono, ambaye nilimjua nikifanya kazi Ruiru na kujifunza kufua visu Thika.

Alizaliwa Ng'enda, Gatundu, miaka ya 1890. Mwaka wenyewe haukuandikwa. Jina lake Kamau. Babu yake, Kungu wa Magana, alikuwa mganga, na mtoto alimfuata akimbebea mkoba wa uganga. Ndivyo ujuzi ulivyopitishwa siku hizo: unabeba mkoba, unatazama, unanyamaza. Mwaka 1909 akaingia misheni ya Waskoti kule Thogoto, akafundishwa kusoma na useremala, na mwaka 1914 akabatizwa Johnstone.

Baadaye akaenda Thika, kwenye kampuni ya uhandisi ya John Cook. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuchukua mishahara ya wafanyakazi benki Nairobi, mwendo wa kilomita kama 40. Njia hiyo ndiyo inayopita Ruiru, na kila nikiganda kwenye foleni pale nilimfikiria kijana yule na fedha za watu. Akaugua sana, akaiacha kazi, akaenda kupona Tumutumu.

Mwaka 1917 alikuwa Narok kwa Wamasai, akikwepa kukamatwa kwenda kubeba mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Kule wahunzi, il-kunono, walitengwa ingawa mikuki yote ilitoka kwao. Kwa Wakikuyu mhunzi, yaani mũturi, aliheshimiwa na kuogopwa, na laana yake haikuchezewa. Nadhani mtu aliyeishi pande zote mbili hawezi kuitazama kazi ya chuma kama jambo dogo.

Nairobi akawa msoma mita za maji, kisha katibu wa chama cha KCA mwaka 1928, na mwaka uliofuata akapanda meli kwenda London. Huko akasoma kwa Profesa Malinowski, na mwaka 1938 kikatoka kitabu chake, Facing Mount Kenya. Watu hukisoma kwa ajili ya ardhi na tohara. Mimi nilikwenda kwenye sura ya kazi za mikono, ambamo uhunzi umepewa nafasi yake: mchanga wa mtoni unaooshwa mpaka ibaki mbegu nyeusi ya chuma, makaa, mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na vinavyotoka pale, mikuki, sime, mashoka na vito vya masikioni. Wakati ule wakoloni wengi walidai Mwafrika hakuwa na ufundi hadi walipokuja wao. Aliyefunzwa randa na tezo ya Mzungu ndiye aliyewajibu.

Kuyeyusha mchanga kulikufa chuma cha madukani kilipofika. Mzee aliyenifundisha Thika hutumia bamba la springi ya lori. Analipasha moto hadi liwe jekundu kama embe bivu, analifua, halafu analizamisha kwenye oili chafu. Hapo kisu ni kigumu lakini kinavunjika kama kigae, basi anakirudisha motoni polepole mpaka uso wake upate rangi ya majani makavu. Rangi hiyo ikipita kidogo, makali yamekwenda. Hakuna kipimo, ni jicho, na kivuli cha kibanda ni sehemu ya kazi kwa kuwa juani huioni rangi. Haya hayajaandikwa popote ninapojua, na vijana wake wawili wamekwenda kuendesha bodaboda. Siwalaumu. Panga la dukani ni rahisi kuliko makaa yake.

Kwenye picha ya kitabu Kenyatta amevaa ngozi begani, anagusa ncha ya mkuki kwa kidole. Walioandika maisha yake husimulia kwamba mkuki ule ulikuwa ubao uliochongwa ukachongoka, kazi ya seremala. Wapo wanaocheka. Mimi naona alitumia ufundi aliokuwa nao, maana London hakukuwa na mũturi.

Alirudi mwaka 1946 kupitia bandari ya Mombasa, na Mombasa hiyohiyo, katika Ikulu, akafariki tarehe 22 Agosti 1978. Katikati kuna kifungo, uhuru na urais, mambo ambayo shule hufundisha.

Sura ile nilimsomea mzee wangu Jumamosi moja, nikiitafsiri kwa Kiswahili huku akivuta mivukuto. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza chuma, akauliza makaa yale yalikuwa ya mti gani.