Mfahamu Grace Hopper, mwanamke aliyeambiwa kompaila haiwezekani

Ukiwahi kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake wa asili, hali hii unaijua: kioo kinajaa maandishi, mistari inashuka mbio, na katikati yake kuna maonyo kibao. Anayetoa maonyo hayo ni kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine.

Kuna wakati kompaila haikuwepo kabisa. Aliyepigania iwepo ni mwanahisabati wa Marekani, Grace Hopper, na mwanzoni wengi hawakumwamini.

Mtoto mwenye kupenda kufungua vitu

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akaifungua. Kuirudisha ikamshinda. Akafungua ya pili, ya tatu, mpaka saa za nyumbani zilizofumuliwa zikafika saba. Mama yake akaamua kumwachia moja tu ya kuchezea.

Mwaka 1928 alimaliza shahada ya kwanza katika chuo cha Vassar, na mwaka 1934 akapata udaktari wa hisabati Yale. Alikuwa tayari mwalimu wa Vassar vita vilipoikuta Marekani mwaka 1941.

Akataka kujiunga na jeshi la majini. Akaambiwa umri umeenda, tena ni mwembamba mno: uzito wake ulipungua kiwango kwa karibu kilo saba. Hakukata tamaa. Desemba 1943 aliingia kwa ruhusa maalumu, na kwenye mafunzo ya uofisa akaongoza darasa lake.

Tatizo lilikuwa kunakili

Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa mita 15 hivi na uzito wa zaidi ya tani nne, na ilisoma amri kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Kila kitu kiliandikwa kwa mkono. Mtu akipata kipande cha hesabu kinachofanya kazi vizuri, alikihifadhi kwenye daftari. Mwenzake akikihitaji, anakopa daftari na kunakili. Hapo ndo shida ilipoanza: herufi ilisomwa kama namba, namba moja ikawa nyingine, anwani zikajumlishwa vibaya. Mashine haikusema lolote. Ilitoa jibu lisilo sahihi, au ilikwama, na watu wakaanza kusaka kosa tundu kwa tundu.

Hopper aliona jambo ambalo wengine walilichukulia kama kawaida ya kazi. Binadamu si hodari wa kunakili. Mashine ni hodari. Kwa nini basi kazi ya kunakili afanye binadamu?

Kisa cha mdudu nacho ni cha enzi hizo. Tarehe 9 Septemba 1947, kwenye mashine ya Mark II hapo Harvard, nondo, yule mdudu anayefanana na kipepeo, alikutwa amenasa ndani ya swichi na akabandikwa kwenye daftari la kazi. Wengi husema Hopper ndiye aliyemkuta na ndiye aliyeanzisha neno mdudu kwa maana ya hitilafu. Si kweli. Yeye alikuwa msimuliaji tu wa kisa hicho, na mafundi walilitumia neno hilo tangu zamani.

Kompaila ya kwanza, na watu wakaikataa

Mwaka 1949 alihamia kampuni ya Eckert-Mauchly huko Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Huko akapata nafasi ya kujaribu wazo lake.

Kufikia mwaka 1952 programu yake ya A-0 ilikuwa inafanya kazi. Vipande vya hesabu viliwekwa kwenye utepe, kila kimoja na namba yake. Mwandishi aliorodhesha namba anazotaka, kisha kompyuta yenyewe ikavitafuta, ikavikusanya, ikapanga anwani na kutoa programu kamili. Jina kompaila limetoka hapo: mkusanyaji. Kwa vigezo vya leo A-0 ilikuwa bado mbali na kompaila tunazozijua, lakini mlango ulishafunguka.

Basi watu wakaipokea kwa shangwe? Hapana. Aliambiwa kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Alikuwa nayo mkononi, inafanya kazi, na bado watu hawakutaka kuigusa.

Akaenda mbali zaidi. Akapendekeza amri ziandikwe kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza ili hata watu wa biashara waweze kuitumia kompyuta. Wakati wa kuonyesha mfano kwa wakubwa wa kampuni, timu yake iliongeza programu ileile kwa Kifaransa na Kijerumani. Kwa mashine hakuna tofauti, neno ni alama tu. Wakubwa wakashtuka: kompyuta iliyotengenezwa Marekani itajuaje Kifaransa? Ikabidi timu iahidi kubaki na Kiingereza.

Lugha hiyo, FLOW-MATIC, ilianza kupatikana kwa watumiaji mwaka 1958. Mwaka uliofuata ikawa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ambayo mpaka leo inatumika kwenye benki na ofisi za serikali.

Programu moja, kompaila nyingi

Desemba 1960 programu ileile ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti. Lakini kila mtengenezaji alikuwa na kompaila yake, na kila kompaila ilikuwa na tabia zake.

Hopper alistaafu jeshini mwishoni mwa 1966. Mwaka 1967 akaitwa tena, eti kwa miezi sita tu. Kazi ilikuwa kusanifisha lugha za kompyuta jeshini. Timu yake iliandika programu za kuzipima kompaila zenyewe, kuona kama kweli zinafuata kanuni za COBOL. Miezi sita ikageuka karibu miaka 19.

Tatizo hilo bado lipo. Programu inayojengeka vizuri kwenye mashine moja inaweza kugoma kwenye nyingine, hata kama msimbo haujaguswa. Mwaka 2024, toleo la 14 la kompaila ya GCC liligeuza baadhi ya maonyo ya lugha ya C kuwa makosa kamili, mfano kutumia fankisheni ambayo haijatangazwa. Baadhi ya programu za zamani, zilizokuwa zikipita na maonyo tu, zikakwama.

Kosa husimamisha kazi. Onyo huacha kazi iendelee, ila linasema hapa pana walakini. Onyo huja na jina la faili na namba ya mstari. Anza na la kwanza, maana mara nyingi yanayofuata ni watoto wake. Angalia pia toleo la kompaila kabla ya kumlaumu aliyeandika. Kuzima maonyo yote ni kurudi enzi za Mark I, mashine ilipokuwa inakosea kimyakimya.

Mwisho wa safari

Grace Hopper alistaafu kabisa Agosti 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha rear admiral. Ofisini alikuwa na saa ya ukutani inayozunguka kinyume, kuwakumbusha wageni kwamba mazoea si sababu ya kukataa jambo jipya.

Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa makaburi ya kitaifa ya Arlington. Jeshi la majini lina manowari yenye jina lake, USS Hopper, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais, miaka 24 baada ya kifo chake.